Toni ya Mbaraka na kisanduku chenye tundu moja

Mpwa wangu alipokuja Kibaha likizo ya Desemba, alishuka kwenye bodaboda pale Maili Moja akiwa na begi la nguo, gitaa mgongoni, na kisanduku cheusi chenye ukubwa wa kamusi. Begi alilitupa chini. Kisanduku alikishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Ndani yake, aliniambia, kuna ampu zaidi ya mia. Nilicheka. Jioni ile ile nikaacha kucheka.

Najua wengi mnaopita hapa mnakuja kwa ajili ya riwaya na mashairi, na mtajiuliza gitaa limeingiaje. Vumilieni kidogo. Swali lililonipeleka kutoka Kibaha hadi Kisarawe mwezi ule ni swali la kifasihi, ila limevaa nyaya: ukitaka kuirudisha sauti ya mtu aliyekwisha kufa, unarudisha nini hasa?

Kwanza tueleweshane kuhusu hicho kisanduku. Gitaa la umeme peke yake halina mlio wa maana. Mlio tunaoujua unatengenezwa na ampu, na spika yake, na maiki iliyowekwa mbele ya spika, na chumba chenyewe. Ampu za zamani za valvu ni nzito na ni ghali, ndiyo maana kwa miaka mingi sasa wahandisi wameandika programu za kuziiga. Kampuni ya Line 6 ilitoa kifaa chake cha POD mwaka 1998. Mwaka 2011 Wajerumani wakaja na Kemper, ambayo ina hila nyingine: unapitisha milio maalumu kwenye ampu halisi, mashine inalinganisha kilichoingia na kilichotoka, kisha inaitunza ile tofauti. Tofauti hiyo ndiyo ampu. Siku hizi ipo hata programu ya bure, Neural Amp Modeler, inayofanya kazi hiyo kwa akili bandia kwenye kompyuta ya kawaida.

Mpwa wangu ni mtu wa hevi metali. Jioni ile alitaka kunionyesha jambo moja tu: jinsi ya kuitoa toni ya Master of Puppets ya Metallica, albamu iliyorekodiwa Copenhagen na kutoka mwaka 1986. Ampu iliyoipa albamu ile jina ni Mesa/Boogie, toleo la Mark IIC+, na watu waliopenda mlio wake wameipima, wameichora, wameinakili, wameigombania mtandaoni kwa miaka. Kwa hiyo kijana hakuanza na karatasi tupu. Alichagua ampu, akachagua spika, akapunguza masafa ya katikati, akaongeza kidogo ya chini, akachomeka gitaa, akaweka albamu sikio moja na gitaa lake sikio la pili. Nusu saa haikwisha. Nilivaa hizo hedifoni nami. Kusema kweli, kuna sehemu sikuweza kujua nani ni James Hetfield na nani ni mtoto wa dada yangu.

Hapo ndipo nikafanya kosa langu. Nikamwambia, kwa kiburi cha mjomba, "Haya. Sasa nitolee Mbaraka."

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka simwelezi mtu wa umri wangu. Kwa vijana: alipigia Morogoro Jazz Band kuanzia katikati ya miaka ya sitini, akaondoka mwaka 1973 kuunda Super Volcano, akafa kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, hajafikisha hata miaka 35. Alitunga, aliimba, na alipiga solo, yote matatu kwa pamoja. Baada ya kifo chake zilitolewa Nairobi santuri ndefu za mfululizo uliopewa jina la Ukumbusho, na wengi wetu tulimjua kupitia hizo, au kupitia kanda zilizonakiliwa kutoka hizo, au kupitia redio iliyokuwa ikipiga nakala ya nakala. Wanaosimulia maisha yake husema alizaliwa Mzenga, wilaya ya Kisarawe. Ukisimama hapa Kibaha, kwao si mbali.

Wimbo tuliouchagua ni "Shida". Mpwa wangu aliusikiliza mara tatu, macho kafumba. Mara ya nne akachukua gitaa. Akachagua ampu ya Kimarekani isiyo na makelele, akaweka mwangwi kidogo, akapiga. Ilikuwa safi, na ilipendeza. Na haikuwa Mbaraka kabisa. Ilikuwa kama mtu anayesoma shairi la Kiswahili vizuri sana bila kujua maana ya hata neno moja.

Tulihangaika siku tatu, na nitayaeleza mahangaiko hayo kwa sababu kila ukuta tuliogonga ulitufundisha jambo.

Ukuta wa kwanza ulikuwa kulinganisha nyuzi. Gitaa la kijana lilikuwa limekazwa sawasawa kwa kipimo cha simu, lakini kila akipiga juu ya rekodi vinagombana. Wimbo ulikuwa umekaa katikati ya sauti mbili, si hii si ile. Hilo linajulikana kwa wanaosikiliza nyimbo za zamani mtandaoni: kanda ilipita kwenye mashine inayokwenda mbio kidogo, au santuri kwenye chombo kinachochelewa, na wimbo mzima ukapanda au kushuka. Ukipata nakala nyingine ya wimbo ule ule, unakuta imekaa pengine. Kwa hiyo hata sauti ya kwanza kabisa ya wimbo, ile ambayo ungedhani ni hakika kama tarehe ya kuzaliwa, tumeipokea kupitia motokaa ndogo ya kuzungushia kanda.

Ukuta wa pili ulikuwa ampu yenyewe. Mashine hizi zinajifunza ampu iliyopo. Lazima uwe nayo, uipitishie milio, uone inachotoa. Ya Metallica ipo, na nakala zake zipo kwa wenye pesa. Kisanduku kina ampu zaidi ya mia, na karibu zote ni za Marekani na Uingereza, kila moja na mwaka wake na chapa yake. Ampu iliyokaa ukumbini Morogoro ikapikwa na joto na vumbi na umeme unaopanda na kushuka, hiyo hakuna aliyeipitishia mlio wowote. Imekufa kabla ya kuhojiwa.

Ukuta wa tatu ndio uliotushinda. Kijana akasema, "Mjomba, tutenganishe." Kuna programu siku hizi unazipa wimbo zinakurudishia vipande: sauti za waimbaji peke yake, ngoma peke yake, besi peke yake, gitaa peke yake. Tukaipa "Shida". Tulichorudishiwa kwenye fungu la gitaa kilikuwa kitu chenye majimaji, kinapotea na kurudi, kama redio ya jirani upepo unapovuma. Ngoma zilikuwa zimebaki na vipande vya gitaa. Sauti za waimbaji zilikuwa zimebaki na vingine. Kijana akailaumu programu. Mimi nilianza kushuku kwamba programu ilikuwa inasema kweli.

Fikiria jinsi rekodi zetu nyingi za dansi zilivyopatikana. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi ilikwenda Nairobi kurekodi, au iliingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam ikarekodiwa kwa ajili ya matangazo. Watu walipiga pamoja. Saksafoni haikungoja gitaa limalize ndipo iingie. Wote walihesabu nne wakaondoka. Maiki iliyowekwa kwa ajili ya mwimbaji ilisikia na tumba. Iliyowekwa kwa ajili ya tarumbeta ilisikia na gitaa. Kwa hiyo mlio wa gitaa tunaoupenda kwenye rekodi zile haukai mahali pamoja. Umemwagika kwenye chumba kizima. Ukiutenga na wengine unakuwa umeuondoa ndani yake mwenyewe.

Siku ya nne nikasema tuache kuuliza mashine, tukamuulize mtu.

Kisarawe kuna mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba yangu, aliyepiga gitaa la ridhimu miaka mingi katika bendi ya taasisi moja ya umma. Jina lake silitaji kwa sababu aliniomba hivyo, na la bendi silitaji kwa sababu ukilitaja hilo umemtaja na yeye. Tuliondoka Kibaha asubuhi, tukaunganisha Mbezi, tukaunganisha Gongo la Mboto, kisha gari likaanza kupanda milima ya Pugu na upepo ukabadilika. Kisarawe ni karibu na Dar es Salaam kuliko watu wa Dar wanavyodhani, ila ukifika unahisi umekwenda mbali. Ni nchi ya Wazaramo, na wapenzi wa dansi wana deni nayo ambalo halijalipwa. Msondo na Sikinde zilikuwa ngoma za huku pwani kabla hazijawa majina ya mitindo ya bendi. Muhidini Gurumo, sauti iliyobeba bendi zote mbili kwa nyakati mbalimbali, amelala kijijini Masaki, Kisarawe hii hii, tangu Aprili 2014.

Mzee alitupokea chini ya mwembe. Tukamwamkia, akatupa maembe, akauliza habari za watu waliokwisha kufa na waliobaki. Kisha akakitazama kisanduku.

"Hii ndiyo ampu?"

"Ndiyo, babu. Ziko zaidi ya mia."

"Mia." Akakigeuza chini juu. "Sisi tulikuwa nazo mbili, na moja mbovu."

Nikamuuliza zilikuwa chapa gani. Hili ndilo swali nililokuwa nimelibeba tangu Kibaha, maana nikipata jina, kijana atalitafuta kwenye kisanduku, na kazi imekwisha. Mzee akafikiri muda mrefu. Chapa haikumbuki. Anachokumbuka ni kwamba mgongoni, kwa rangi nyeupe, iliandikwa jina la taasisi na namba ya mali. Kwenye gitaa pia, nyuma. Siku alipoacha kazi alilikabidhi stoo, karani akatia tiki kwenye daftari, akatoka nje mikono mitupu. Hakuwa na gitaa kabla ya hapo, na baada ya hapo hakupata jingine.

Hili watu wanaoandika juu ya dansi wamelieleza, lakini nilikuwa sijalisikia likisemwa na mwenye mikono hiyo. Bendi nyingi kubwa za enzi ile zilikuwa mali ya taasisi: chama cha wafanyakazi, jeshi, polisi, vijana wa chama, shirika la maendeleo la jiji. Wanamuziki waliajiriwa. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Nyota akihama bendi, na walihamahama sana, alihama na koo lake na vidole vyake. Mlio uliotoka kwenye ile ampu ulibaki kwa atakayekuja. Huko kwenye hevi metali, mtu akinunua kisanduku anatafuta ampu ya fulani, gitaa la fulani, aina ya ukucha wa fulani. Kila kitu kina mwenyewe. Huku kwetu mlio ulikuwa na namba ya mali.

Mzee aliendelea, bila kuulizwa sana. Nyuzi ziliadimika, hasa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Zilichemshwa kwenye sufuria zitoke jasho na uchafu, zikarudishwa. Waya mwembamba wa breki ya baiskeli ulifumuliwa, ukawa uzi. Spika iliyochanika ilibandikwa karatasi kwa gundi. Mpwa wangu alikuwa ameacha kula embe. Niliona anafanya hesabu: kwenye kisanduku kuna kitufe cha masafa ya juu, cha kati, cha chini, kuna cha mwangwi, kuna cha kuchagua maiki na umbali wake kutoka kwenye spika. Cha uzi uliochemshwa mara tatu hakipo.

Kisha nikafanya kosa la pili. Nilikuwa nimepata mtandaoni wimbo mmoja wa bendi ya mzee, uliorekodiwa redioni, na usiku uliotangulia tulikuwa tumeupitisha kwenye ile programu ya kutenganisha. Nilidhani namletea zawadi. Kijana akamvalisha hedifoni, akampa fungu la gitaa. Mzee akasikiliza. Uso wake ulianza na tabasamu, tabasamu likapungua. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akavua.

"Huyu ni marehemu," akasema, akimaanisha mpiga solo. "Mimi niko wapi hapo?"

Kijana akaeleza kwa adabu: programu inakamata kile kinachosikika zaidi, ridhimu iko nyuma, pengine imekwenda kwenye fungu la ngoma. Akamwekea fungu la ngoma. Kweli, kulikuwa na kitu kama mchakacho, kimeng'ang'ania kwenye kibega cha tumba. Mzee akatikisa kichwa. Hakukasirika. Alisema tu kwamba kwenye redio, miaka yote hii, wimbo ule ukipigwa yeye hujisikia wazi kabisa, kila mkono unaposhuka, na hajawahi kufikiri kwamba kuna mtu hamsikii.

Nimeandika uhakiki wa vitabu vingi, na mara nyingi nimeandika "sauti ya mwandishi" bila kufikiri. Pale chini ya mwembe nilianza kulichunguza neno hili. Watu wa visanduku wana neno lao, toni, na toni ni ya mtu mmoja: toni ya Hetfield, toni ya Hendrix. Hata tukiiangalia Master of Puppets, magitaa ya ridhimu yale mazito yote aliyapiga Hetfield mwenyewe, akijirudia juu yake mwenyewe kwenye kanda, mpaka mtu mmoja akawa ukuta. Kisanduku kimetengenezwa kwa ajili ya ulimwengu huo. Cha mpwa wangu kina tundu moja la kuchomekea gitaa. Kinamdhania mpigaji aliye peke yake chumbani, na kwa mpigaji wa namna hiyo kinafanya maajabu.

Dansi lilikuwa na neno lake, na halikuwa toni. Lilikuwa mtindo. Western Jazz walikuwa na Saboso. NUTA Jazz walikuwa na Msondo. Mlimani Park walikuwa na Sikinde. Mtindo haukuwa wa mpiga solo wala wa ampu; ulikuwa wa bendi, na ulikuwa na nguvu kuliko jina la bendi lenyewe. NUTA Jazz ikaja kuwa Juwata, ikaja kuwa OTTU, kila chama cha wafanyakazi kilipobadilika, na mwisho ikabaki inaitwa Msondo Ngoma. Mwajiri alipita, mtindo ukabaki. Ndani ya mtindo, gitaa la solo linauliza, solo ya pili inadakia, ridhimu inashikilia mlango usifunge, besi inatembea chini yao. Ukilisikia la solo likilia kwa utamu ule mwembamba, sehemu ya utamu huo ni nafasi ambayo wenzake wamemwachia. Kwa hiyo mpwa wangu alipopiga solo ya Mbaraka peke yake kwenye kisanduku, hata kama angepata ampu ile ile, nyuzi zile zile za kuchemsha, angekuwa amejibu maswali ambayo hayajaulizwa.

Najua pingamizi, na nalikubali nusu. Mbaraka alikuwa nyota. Aliondoka Morogoro Jazz na watu wakamfuata. Hakuna anayesema "ampu ya Super Volcano", tunasema Mbaraka. Na wapo wapigaji ambao ukisikia noti mbili unawajua hata wapewe gitaa la nani. Kweli. Kidole kina saini yake. Lakini angalia hata "Shida" inavyokwenda, kama nyingi za wakati ule: kwanza maneno, taratibu, ujumbe ufike, halafu chemko, magitaa yanaachiwa. Kwenye santuri ndogo za siku zile wimbo wa namna hii mara nyingi ulikatwa vipande viwili, unageuza sahani ndipo uendelee. Nyota yumo kote, lakini kwenye chemko unamsikia akinyanyuliwa. Sidhani kama angeitwa nyota bila wale walioshika kamba chini.

Wanafasihi tumewahi kukutana na tatizo hili kabla ya umeme. Muyaka bin Haji alikufa Mombasa karibu mwaka 1840. Mashairi yake tunayo kwa sababu, miongo kadhaa baadaye, Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akishirikiana na W. E. Taylor, na Hichens akayachapa mwaka 1940. Sauti ya Muyaka hatuna hata chembe. Tulicho nacho ni kumbukumbu za watu wa pembeni, waliokuwa wamekaa barazani wakisikiliza na kujibu. Hatujawahi kuwashukuru vya kutosha hao wa pembeni. Tunawaita "chanzo".

Turudi chini ya mwembe. Mzee aliomba gitaa. Kijana akamchomekea, akaanza kumpitishia ampu moja baada ya nyingine: hii ya Kiingereza, hii ya Kimarekani, hii ya mwaka fulani. Mzee akapiga kidogo kwenye kila moja, vidole vigumu, vinakosa. Ya sita au ya saba akasema, "Zima zote." Kijana akazima kila kitu, mwangwi, spika za kuigiza, akabakiza mlio mkavu wa gitaa kama lilivyo. Mzee akasema hapo sawa, mengine atayatafuta mwenyewe.

Akaanza ule mkono. Ulikuwa wa noti nne, labda tano, unazunguka. Mwanzoni ulichechemea. Kisha ukakaa. Na kisanduku kina tundu moja, kwa hiyo mpwa wangu hakuwa na pa kuchomeka. Akakimbilia kwa jirani, kuna kijana wa kwaya mwenye gitaa la kawaida la mbao, akaliazima, likaja na nyuzi tano. Akakaa kwenye mkeka karibu na mguu wa mzee na kuanza solo ya ule wimbo wa bendi yao, aliyokuwa ameikariri usiku kucha kutoka kwenye fungu lile la majimaji.

Mzee akamsimamisha. "Unaingia mapema. Ningoje mimi nishuke, ndiyo uingie." Wakaanza tena. Akamsimamisha. "Punguza. Usipige kila mahali, mwache na marehemu wa saksafoni apite." Wakaanza tena. Saksafoni haikuwepo, lakini kijana aliiachia nafasi, na nikaapa kwamba niliisikia.

Mara ya tatu au ya nne, kwa muda wa labda dakika moja, ilitokea. Milio miwili isiyofanana kabisa, mmoja mkavu kutoka kisandukuni kupitia kaspika ka mkononi, mwingine wa mbao wenye nyuzi tano, ikagusana na kutoa kitu cha tatu ambacho hakikuwa kwenye gitaa lolote. Nilikuwa nimekitafuta siku nne kwenye vitufe. Nywele zilinisimama. Sisemi ilikuwa sawa na rekodi. Mtu mwenye kipimo angecheka. Ninasema hiki ndicho nilichokuwa nakiita toni ya Mbaraka tangu utotoni, na kumbe si toni na si ya Mbaraka peke yake.

Nihukumu basi, maana hii ni kazi ya mhakiki. Kama chombo cha kuiga hevi metali ya 1986, kisanduku kimefaulu kwa alama za juu, na sioni aibu kusema nilidanganyika. Kama chombo cha kuiga dansi letu kimeshindwa, na kushindwa kwake kuna faida kubwa kuliko kufaulu kwake. Bila kushindwa kule nisingepanda gari kwenda Kisarawe. Ningebaki Kibaha na nakala nzuri ya nusu ya mazungumzo. Kwa vijana wanaokopi nyimbo za zamani kwa vifaa hivi, na wapo, na wanafanya kazi ya heshima, ushauri wangu ni mdogo: mkimaliza kutafuta mlio wa solo, mtafuteni aliyepiga ridhimu. Wengine bado wako hai. Majina yao mara nyingi hayamo kwenye lebo ya santuri, na mashine za kutenganisha zinawatupa kwenye fungu la ngoma.

Tulirekodi mara mbili kwa simu. Ya kwanza wote wawili. Ya pili mzee peke yake, ridhimu tupu, dakika nne za noti zile zile tano, jogoo anawika katikati na mtu anapita na baiskeli inayolia. Wakati wa kuaga nilimwambia nitamtumia kwenye WhatsApp ya binti yake ile ya kwanza, iliyo nzuri zaidi, ambayo mjukuu ameweka solo.

"Hiyo kaa nayo," akasema. "Nitumie ile ya pili. Solo wanaijua."